Gari Likiharibika Tena na Tena, Mkosaji ni Nani?

Ifuatayo ni hotuba iliyotolewa mbele ya wamiliki wa magari, madereva na mafundi. Tunaichapa kwa faida ya wasomaji wetu ambao hawakuweza kuhudhuria.



Nimeombwa nizungumze juu ya malalamiko ambayo kila mmoja wenu amekwisha kuyasikia, na wengi wenu mmeyatoa wenyewe. Gari hupelekwa gereji kwa ubovu wa kifaa fulani, kifaa kinabadilishwa, fedha zinalipwa, na baada ya miezi michache kifaa kilekile kinakufa tena. Mwenye gari akiuliza sababu, jibu huwa limekwisha kuandaliwa. Huambiwa kwamba barabara zetu ni mbovu, au mafuta yamechakachuliwa, au dereva wake hajui kukanyaga klachi, au amezidisha mzigo. Majibu hayo mara nyingine ni ya kweli, wala sikuja hapa kumtetea mtu apakiaye tani 10 juu ya gari la tani 4. Lakini nataka tutazame kwa makini jinsi jibu hilo lilivyotolewa na watengenezaji wakubwa wa magari duniani huku ndani ya ofisi zao ukweli ukiwa unajulikana, na tuone ni kitu gani hasa kilichowalazimisha kulibadili.

Nitaanza na gari ambalo hapana mtu hapa asiyelijua, yaani Fuso.

Tarehe 10 Januari 2002, katika mji wa Yokohama nchini Japani, mama mmoja mwenye umri wa miaka 29 alikuwa akitembea kando ya barabara pamoja na watoto wake wawili wadogo. Lori kubwa lililotengenezwa na Mitsubishi lilikuwa likipita. Gurudumu lake la mbele, lenye uzito wa kilo 140 hivi, likachomoka, likabiringika na kumpiga mama yule kwa nyuma. Mama alifariki, na watoto wakajeruhiwa.

Mafundi mlioko hapa mtauliza mara moja kama nati zilikuwa zimelegea. Sivyo ilivyokuwa. Kilichovunjika ni habu yenyewe, yaani kile chuma ambacho gurudumu hufungwa juu yake na kuzunguka pamoja nacho. Habu ilipasuka, gurudumu likaondoka na kipande chake. Na kampuni ilisema nini? Ilisema kwamba habu ile ilikuwa imelika kwa sababu mwenye lori hakulitunza ipasavyo. Ikatangaza kipimo: habu iliyolika milimita 0.8 na kuzidi ibadilishwe. Kwa tangazo hilo mzigo wote ukawekwa juu ya mabega ya mwenye gari. Akiwa hakupima, kosa ni lake, na akiwa alipima na habu ikavunjika bado, basi huenda hakupima vizuri.

Ikumbukwe kwamba kampuni hiyohiyo ilikuwa imekwisha kufedheheka miaka miwili kabla. Katika mwaka 2000, baada ya mtu asiyejitaja jina kutoa habari kwa Wizara ya Usafiri ya Japani, wakaguzi waligundua kwamba Mitsubishi Motors ilikuwa na utaratibu wa kugawa malalamiko ya wateja katika mafungu mawili: fungu la kuonyeshwa serikali na fungu la kufichwa. Karatasi za fungu la pili zilikutwa zimefungiwa katika makabati ya wafanyakazi ya kuwekea nguo. Desturi hiyo ilikuwa imeendelea kwa zaidi ya miaka 20. Kampuni ikaomba radhi mbele ya taifa, rais wake akajiuzulu, na watu wakadhani kwamba kila kilichofichwa kimekwisha kutolewa nje. Kumbe habari za habu zilikuwa bado ndani.

Tangu mwaka 1992 habu za malori na mabasi ya kampuni hiyo zilikuwa zimevunjika makumi ya mara. Mwaka 1999, katika mkoa wa Hiroshima, basi la abiria lilichomoka gurudumu la mbele likiwa katika barabara kuu. Wizara iliuliza. Kampuni ikajibu kwamba lilikuwa tukio la pekee lililotokana na matunzo mabaya, na kwamba hapakuwa na haja ya kuyaita magari mengine yarudi. Laiti jibu hilo lingekuwa la kweli, mama yule wa Yokohama asingeuawa miaka miwili na nusu baadaye kwa kuvunjika kwa kifaa cha aina ileile.

Ilipofika Machi 2004, kampuni ya Mitsubishi Fuso, ambayo wakati huo ilikuwa imekwisha kutenganishwa na Mitsubishi Motors, ilikiri kwamba habu zenyewe ndizo zilizokuwa na kasoro. Yakaitwa magari makubwa zaidi ya 100,000 yarudi kubadilishwa habu. Polisi wakawakamata wakubwa kadhaa. Watumishi wawili waliokuwa na dhamana ya ubora walipatikana na hatia mwaka 2007, na Mahakama Kuu Kabisa ya Japani ikathibitisha hukumu yao mwaka 2012. Hoja iliyowatia hatiani ni kwamba baada ya ajali ya Hiroshima walikuwa na habari za kutosha za kuwafanya wachukue hatua. Na si habu peke yake. Oktoba 2002, katika mkoa wa Yamaguchi, lori jingine la kampuni hiyo lilipasuka kasha la klachi, shafti ikaanguka na kukata mabomba ya breki, na dereva akafa. Kwa kifo hicho, aliyekuwa rais wa Mitsubishi Motors, Katsuhiko Kawasoe, alihukumiwa mwaka 2008 kifungo ambacho utekelezaji wake uliahirishwa.

Sasa tazameni jinsi mambo yalivyokaa. Mwenye lori wa Yokohama alikuwa na lori lake na habu yake. Hakuwa na njia ya kujua kwamba habu kama hiyo ilivunjika Hiroshima, na nyingine mahali pengine, na nyingine tena. Alipoambiwa kwamba matunzo yake ni mabaya, angejibu kwa hoja gani? Mtu mmoja tu katika nchi nzima ndiye aliyekuwa na orodha kamili ya habu zilizovunjika, naye ni mtengenezaji. Mwenye orodha ndiye aliyekuwa akimwambia asiye na orodha kwamba kosa ni lake.

Hapa naomba niseme neno kidogo kuhusu fikihi ya biashara, kwa kuwa jambo hili si geni kwa wanavyuoni wetu. Upo mlango mzima uitwao khiyari ya aibu. Neno aibu kwa Kiarabu maana yake ya asili ni kasoro iliyomo katika kitu, nasi Waswahili tukalichukua, tukalitumia zaidi kwa fedheha ya mtu. Mnunuzi anayekuta katika mali aliyonunua kasoro iliyokuwa imefichika anayo hiari ya kuirudisha. Lakini sharti lake ni kwamba kasoro iwe ilikuwamo kabla mali haijafika mkononi mwake. Na huo ndio uwanja ambao makampuni ya magari husimama. Hayakatai kwamba kifaa kimevunjika, kwa maana vipande viko mezani. Husema tu kwamba kasoro imeingia mkononi mwako. Mwenye ng'ombe mgonjwa anaweza kuita shahidi wa kijijini aliyemjua ng'ombe tangu zamani. Mwenye gari atamwita nani, ikiwa gari lilizaliwa ndani ya kiwanda na shahidi pekee ni kiwanda?

Huko Australia walipata mfano mwingine, nao si wa mauti ila ni wa udhia mkubwa. Kampuni ya Ford iliuza huko magari yapatayo 70,000 ya Fiesta, Focus na EcoSport yenye gia ya otomatiki iitwayo PowerShift. Ndani yake zimo klachi mbili kavu, yaani zisizooga katika oili: moja ya gia namba 1, 3 na 5, nyingine ya 2, 4 na 6. Nia ilikuwa kubana mafuta. Matokeo yake magari mengi yakawa yanatetemeka yanapoondoka, mengine yakipoteza nguvu katikati ya njia. Sili za shafti zilikuwa zikivuja, oili ikidondokea klachi ambazo zilitakiwa ziwe kavu, na kompyuta ndogo inayoongoza gia nayo ikawa na maradhi yake. Zaidi ya nusu ya magari hayo yalirudi kutengenezwa angalau mara moja, na mengi yalirudi tena na tena. Wateja walipodai kurudishiwa fedha, wengi waliambiwa kwamba kutetemeka kule kunatokana na namna wanavyoendesha. Kampuni ilisema hivyo ilhali ikijua kwamba kutetemeka ni dalili ya kasoro za gia. Tena magari ambayo wateja waliyasalimisha yaliuzwa kwa watu wengine bila ya hao kuelezwa vya kutosha habari zake. Aprili 2018 Mahakama ya Shirikisho ya Australia iliitoza Ford ya nchi hiyo faini ya dola milioni 10 za Australia kwa mwenendo huo. Huko Marekani pia wenye magari ya Focus na Fiesta waliungana katika kesi moja, na katika suluhu iliyofikiwa malipo yalitegemea hesabu: mwenye kuonyesha karatasi za matengenezo matatu na zaidi ndiye aliyefungua mlango wa kulipwa. Sikilizeni neno hilo, karatasi, kwani nitalirudia.

Nikija kwenye kisa cha General Motors, naomba mafundi wanisikilize kwa makini zaidi, kwa maana humo mna hila ambayo fundi ndiye anayeweza kuinasa.

Kampuni hiyo ilitengeneza gari dogo liitwalo Chevrolet Cobalt pamoja na ndugu zake kama Saturn Ion. Swichi yake ya ufunguo ilikuwa laini kupita kiasi. Gari likipita juu ya tuta, au goti la dereva likigusa ufunguo, au shada la funguo likiwa zito, swichi hurudi nyuma yenyewe na injini huzimika. Usukani unakuwa mzito, breki zinapoteza msaada, na lililo baya zaidi, mifuko ya hewa haifunguki gari likigonga. Swichi hiyo ilikubaliwa mwaka 2002 ingawa haikufikia kipimo cha ukinzani ambacho kampuni yenyewe ilikuwa imekiandika. Malalamiko yalianza mapema. Mwaka 2005 kampuni iliandika waraka kwa mawakala wake, wamshauri mteja apunguze vitu katika shada lake la funguo! Naam, mtu amenunua gari jipya, linazimika njiani, na dawa anayopewa ni kubeba funguo chache.

Kisha ikaja hila niliyoitaja. Mwaka 2006 mhandisi aliyehusika aliidhinisha swichi ibadilishwe ndani: kipini kirefu zaidi na springi yenye nguvu zaidi. Mabadiliko hayo ni mazuri, lakini namba ya kipuri haikubadilishwa. Kila fundi anajua kwamba kitu kikibadilika, namba nayo hubadilika, ama sivyo vitu viwili tofauti vitakaa katika kasha moja vikiitwa kwa jina moja. Matokeo yake ni kwamba hata wahandisi wengine wa kampuni, walipochunguza kwa nini magari ya miaka ya mwanzo yanaua na ya miaka ya baadaye hayaui, walipotea njia kwa miaka. Daftari liliwaambia kwamba swichi ni ileile.

Aliyeifumbua hila hiyo hakuwa mtu wa serikali wala wa kampuni. Binti mmoja muuguzi alikufa katika jimbo la Georgia mwezi Machi 2010, siku chache baada ya kulipeleka gari lake kwa wakala akilalamika kwamba limemzimikia barabarani. Wazazi wake wakaweka mwanasheria. Mwanasheria akamtafuta mhandisi wa nje. Mhandisi yule akanunua swichi mpya dukani, akaiweka mezani karibu na ile ya gari la ajali, akazipima zote mbili. Namba moja, vitu viwili. Basi hapo ukuta ukaanza kubomoka. Februari 2014 kampuni ikaanza kuyaita magari, na hesabu ikafika kama milioni 2.6. Katika vikao vya Bunge la Marekani mwaka huohuo ilitajwa kwamba sehemu iliyohitajika kuondoa kasoro hiyo iligharimu senti 57. Mfuko wa fidia ulioanzishwa na kampuni ulikubali madai ya vifo 124. Mwaka 2015 kampuni ikalipa dola milioni 900 ili kumaliza mashitaka ya jinai, na hapana mkubwa yeyote aliyefungwa.

Huenda mtu akasema kwamba hayo ni makosa ya watu wachache waovu. Uchunguzi ambao kampuni yenyewe iliuagiza, uliotolewa Juni 2014, ulieleza jambo linalotisha zaidi ya uovu. Kulikuwa na vikao vingi, kamati nyingi, kila mtu akitikisa kichwa kukubali kwamba hatua ichukuliwe, kisha wote wakitoka chumbani bila hata mmoja kuichukua. Nadhani wale walio katika kamati zetu za hapa nyumbani wanaielewa hali hiyo bila maelezo marefu.

Baadhi ya nchi ziliona tangu zamani kwamba haiwezekani kumwachia mwenye gari athibitishe peke yake kilichotokea kiwandani. Wamarekani huliita gari lisilopona kuwa ni limau, na mwaka 1982 jimbo la Connecticut lilitunga sheria iliyokuja kuigwa na majimbo mengine yote. Hekima yake ni nyepesi. Gari jipya likitengenezwa mara nne kwa kasoro ileile bila kupona, au likilala gereji jumla ya siku 30 katika muda uliowekwa, basi sheria inachukulia kwamba mtengenezaji amepewa nafasi ya kutosha, na ni juu yake kulibadili au kurudisha fedha. Mwenye gari hahitaji kujua fizikia ya klachi. Anahitaji kujua kuhesabu, na kuwa na karatasi za kuhesabia.

Ama kuhusu sisi wenyewe, hali yetu ina ugumu wa aina yake, na hauondolewi kwa kulaani makampuni. Magari mengi tunayoendesha katika Tanzania na Kenya yametumika Japani kabla ya kuja kwetu. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, na kwetu Tanzania huja hata yenye umri mkubwa kuliko huo. Mtengenezaji akigundua kasoro, humwandikia barua mwenye gari anayemjua, kwa anwani iliyoko Nagoya au Osaka. Mtu yule aliliuza gari zamani. Wakala wa hapa naye anazo kumbukumbu za magari aliyoyauza yakiwa mapya, na gari lililoshuka bandarini likiwa kuukuu halimo katika daftari lake. Hivyo wito hutolewa, na sisi hatusikii. Kifaa kikivunjika, tunakwenda Gerezani kununua kingine kilichong'olewa katika gari la aina ileile, chenye kasoro ileile, kisha tunashangaa.

Mfano ulio wazi zaidi ni mifuko ya hewa ya Takata. Kampuni hiyo ya Japani ilikuwa ikiyauzia vifaa karibu makampuni yote mnayoyajua: Toyota, Honda, Nissan, Mazda, Mitsubishi, Subaru na mengineyo. Ili mfuko ufunguke kwa kasi, ndani yake huwekwa kemikali inayolipuka kwa kipimo. Takata ilitumia amonia naitreti, ambayo ikikaa miaka mingi katika joto na unyevu huharibika, na siku ya kulipuka hulipuka kwa nguvu ya kupita kiasi. Kasha la chuma hupasuka, na vipande humrukia dereva usoni na shingoni. Kitu kilichowekwa kumwokoa kinamchoma kama bomu. Honda ilianza kuyaita magari machache mwaka 2008, kisha wito ukapanuka mwaka hadi mwaka mpaka ukawa mkubwa kuliko wito wowote uliowahi kutolewa katika historia ya magari. Huko Marekani peke yake vifaa vilivyohusika ni kama milioni 67. Januari 2017 Takata ilikubali kukiri kosa la ulaghai na kulipa dola bilioni 1, kwa kuwa matokeo ya majaribio yake yalikuwa yamegeuzwa kabla ya kupelekwa kwa wateja, na mwezi Juni mwaka huohuo ikafilisika.

Wakubwa wa Marekani walipopanga magari yapi yatengenezwe kwanza, walitanguliza ya Florida, Puerto Rico na sehemu nyingine za joto na unyevu, kwa maana huko ndiko kemikali huharibika upesi. Nami nawauliza watu wa Tanga, Unguja, Mombasa na Dar es Salaam: unyevu wa kwetu mnaujua, au niueleze? Huko Japani, tangu Mei 2018, gari lenye mfuko wa Takata ulio katika kundi la hatari na ambalo halijatengenezwa huzuiwa kupita ukaguzi wa lazima. Zuio hilo ni la barabara za Japani. Halina nguvu juu ya Vitz iliyokwisha kuwa na namba za T.

Tena ipo desturi hapa mjini ambayo sitaifumbia macho kwa kuwa mafundi ni ndugu zetu. Taa ya mfuko wa hewa ikiwaka kwenye dashibodi na isizimike, wako wanaotoa balbu yake ili mteja afurahi. Wengine humfungia mteja mfuko uliokatwa katika gari lililogongwa, pasipo kuangalia umetoka gari gani na la mwaka gani. Fundi anayefanya hivyo anafanya kwa kiasi kidogo jambo lilelile lililofanywa na wale waliofungia karatasi kabatini.

Basi tufanye nini? Sheria tunazo kwa kiasi chake. Tanzania inayo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ambayo ndani yake zimo sehemu za kumlinda mlaji, na Tume ya Ushindani hupokea malalamiko. Kenya imeiweka haki ya mlaji ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa ndani ya Katiba ya 2010, Ibara ya 46. Lakini mtu akienda katika ofisi hizo na maneno matupu atarudi na maneno matupu. Visa vyote nilivyovieleza vinakubaliana katika jambo moja: jibu la kampuni lilibadilika pale tu watu wengine walipokuwa na orodha mkononi. Orodha huanza na mtu mmoja mwenye karatasi.

Kwa hiyo kila gari linapotengenezwa, fundi akuandikie tarehe, kilomita zilizosomwa, kifaa kilichobadilishwa na namba iliyochongwa juu yake. Kifaa kibovu ukidai, usikiache gereji kwa kuona kwamba ni takataka. Kikifa cha pili, viweke pamoja uvitazame: vimevunjika mahali pamoja? Vina namba moja lakini umbo tofauti? Kifaa kilichokufa kwa mzigo au kwa kukosa oili huwa na alama zake, na fundi mwaminifu atakuambia, hata kama jibu lenyewe linakuumiza. Kifaa kinachovunjika mahali palepale katika magari matatu ya wenye magari watatu wasiojuana, hicho kina habari nyingine. Na wa kwanza kuliona hilo ni fundi, kwa sababu magari yote matatu hupita mikononi mwake. Ningependa kila gereji kubwa iwe na daftari la namna hiyo, na madaftari yakutane angalau mara moja kwa miezi mitatu. Wenye mabasi na malori mnavyo vyama vyenu, na kazi hii ni nyepesi kwenu kuliko kwa mtu mwenye gari moja.

Ama kuhusu wito uliokwisha kutolewa, njia ya kujua ipo nayo haina gharama. Makampuni makubwa ya Japani yana kurasa katika intaneti ambamo mtu huingiza namba ya chesi na kuonyeshwa kama gari hilo limo katika wito na kama limetengenezwa. Kurasa hizo ni za Kijapani, lakini simu ya kawaida siku hizi inaweza kuzifasiri vya kutosha kueleweka. Namba ya chesi imeandikwa kwenye kadi ya gari, tena imechongwa kwenye chuma cha gari lenyewe. Linganisheni namba hizo mbili, kwani nimeona zisizolingana. Ikionekana kwamba gari limo katika wito na halijatengenezwa, chapeni ukurasa ule mwende nao kwa wakala wa kampuni hiyo, mumwombe ajibu kwa maandishi. Akikataa, maandishi ya kukataa nayo ni karatasi.

Vijana wetu wawili wameweka kompyuta kwenye meza ile ya karibu na mlango. Waliokuja na kadi za magari yao wabaki baada ya sala ya Laasiri, tutaanza na wenye magari yaliyotengenezwa kati ya 2000 na 2012. Wenye mabasi ya shule naomba watangulie mbele.